Sifuri za Stanislaus

Ifakara,
Jumatatu, 6 Mei 2024

Kwa Mama Emerensiana,

Shikamoo mama. Kabla hujafika mstari wa tatu, naomba utafute mahali ukae peke yako. Barua hii usiisome mbele ya mtu, usimsimulie jirani, na zaidi ya wote usimpe Stanislaus. Ukimaliza, itie kwenye moto wa jikoni. Haya ninayoandika nilisaini karatasi kwamba sitayatoa nje ya ofisi. Yakijulikana, nitafukuzwa kazi, na huenda nikashtakiwa.

Mimi ni Agnella, karani wa takwimu kwenye mradi wa simu ambao mwanao alijiunga nao Januari. Ni yule msichana mwenye miwani anayekaa karibu na mlango. Siku ya kwanza uliyomsindikiza nilikupa kiti. Mradi unaujua: vijana wenye ADHD, yaani lile tatizo la kushindwa kutulia na kushika jambo moja mpaka mwisho, ambao wamezama kwenye pombe. Kila siku saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni simu inawauliza wamekunywa vikombe vingapi. Kijana anajibu kwa tarakimu, simu inamrudishia neno la kumtia moyo, na jibu lake linatokea kwenye kompyuta yangu wakati uleule.

Ijumaa Stanislaus alikuja kliniki. Alikaa mbele yangu, kama unaweza kuita vile kukaa. Alisoma mabango yote ya ukutani kwa sauti, akafungua kalamu yangu akatoa springi, akaomba radhi, akaifunga, akaifungua tena. Kwa hiyo mikono yake niliiona vizuri. Hakuwa na simu. Aliniambia mwenyewe kwamba imebaki nyumbani. Na nisamehe mama, alinuka gongo.

Saa sita kamili kompyuta ikalia. Namba ya Stanislaus. Jibu: sifuri.

Nilimtazama, naye akanitazama. Nikachapa karatasi yake kama ninavyochapa za wengine, "siku arobaini na moja bila pombe", akaingia nayo kwa Daktari Beatus.

Tangu Ijumaa sijala vizuri. Nimerudi kwenye majibu yake ya nyuma. Januari na Februari alijibu ovyo: sita, nane, siku nyingine kimya, siku nyingine majibu matatu kwa dakika moja. Halafu kuanzia tarehe 24 Machi ni sifuri tupu, mchana na jioni, bila kuchelewa hata dakika mbili. Ofisini tulifurahi. Hakuna aliyejiuliza kijana asiyeweza kukaa kwenye kiti ameanzaje kuwa na saa kichwani.

Nakuuliza jambo moja tu: nani anajibu simu ya mwanao?

Sikupigii, kwa sababu namba pekee niliyonayo ya kwenu ni hiyo ya mradi, na kila kinachoingia humo kinahifadhiwa. Jibu kwa karatasi, umpe Nyamizi muuza maziwa, naye atampa kondakta wa basi.

Wako mwenye hofu,
Agnella Lihawa


Mngeta,
Jumamosi, 11 Mei 2024

Binti Agnella,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako nimeipata. Unaniambia nifiche, lakini Nyamizi alinikabidhi mbele ya watu wote waliokuja kununua maziwa ya mgando, bahasha ameiinua juu, anasema, "Mama Stani, mkwe wa Ifakara ameandika." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga maziwa. Kwa hiyo siri yako ilianza vibaya.

Nimesoma. Mwanangu hanywi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba karatasi inasema siku arobaini na moja. Sasa unaiamini pua yako kuliko kompyuta ya ofisi? Vijana wa huku wanapanda basi moja na wabeba gongo; harufu inaweza kumshika mtu yeyote.

Nitasema wazi, maana mimi ni mtu mzima. Si wewe wa kwanza. Kulikuwa na mmoja wa Mang'ula, naye alianza kwa kuniulizia afya ya Stanislaus. Mwanangu ni mzuri wa sura na anachekesha, hilo najua, nimemzaa. Lakini sisi asili yetu ni Mahenge na tuna utaratibu wetu. Msichana haanzi kuandika. Mshenga hutoka upande wa mwanamume, na mwanamume huyo bado hajamaliza kuezeka hata choo alichokianza mwaka juzi.

Soma, fanya kazi yako, heshimu wazazi wako. Simu inajibiwa vizuri.

Mimi,
Emerensiana


Ifakara,
Jumanne, 14 Mei 2024

Mama Emerensiana,

Shikamoo. Mama, simtaki Stanislaus. Ningekuwa namtaka ningelala usingizi mzuri kuliko ninavyolala sasa.

Ya Ijumaa ile sikukuandikia yote kwa sababu niliogopa. Naandika sasa. Daktari Beatus anawapa vijana wa mradi vidonge vya kuwatuliza akili. Ni dawa nzuri kwa anayezitumia inavyotakiwa, lakini zinauendesha moyo mbio, na mtu akinywa pombe juu yake hajisikii kulewa, kwa hiyo anaendelea kunywa. Ndiyo maana kuna sharti: hakuna anayeongezewa dozi mpaka atimize siku arobaini bila pombe. Mwanao aliingia kwa daktari na karatasi yangu yenye siku arobaini na moja. Alitoka na dozi mara mbili, na vidonge vya mwezi mzima.

Karatasi hiyo nimeichapa mimi, huku pua yangu na macho yangu vikiniambia si kweli. Nimejiuliza kwa nini. Bado niko kwenye miezi ya majaribio kazini. Baba yangu amewaambia watu wote pale Mlimba kwamba binti yake ana meza ofisini. Na wiki ijayo wanakuja wageni kuukagua mradi, na msimamizi anasema namba ya mwanao ndiyo mfano wetu bora. Sikuwa na ujasiri wa kuwa mtu wa kwanza kusema mfano wetu bora unanuka gongo.

Kwa hiyo nauliza tena, kwa heshima zote: nani anajibu? Na vidonge viko wapi?

Agnella


Mngeta,
Jumatatu, 20 Mei 2024

Agnella mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Mimi ndiye ninayejibu.

Nimekaa siku nne na barua yako kabla ya kuandika maneno hayo. Nisikilize mpaka mwisho, kisha unihukumu.

Stanislaus amepoteza simu tatu. Moja ilizama alipokuwa anaruka kutoka kwenye mtumbwi. Nyingine aliiweka juu ya gunia mashineni, gunia likapakiwa kwenye lori, likaenda zake. Ya tatu mpaka leo hajui. Hayo si ulevi, alikuwa hivyo tangu mdogo. Walimu walimpiga kwa madaftari aliyoyaacha njiani mpaka mkono ukavimba. Kwa hiyo mlipompa simu ya mradi nikaishonea mfuko wa kitenge, nikaivaa shingoni mwangu. Nilijua ikiwa kwake haitamaliza wiki.

Mwanzoni ilipolia nilimfuata alipo. Nilikwenda shambani, nilikwenda kwenye vilabu, mbele ya wenzake, nikamuuliza vingapi. Siku moja akaniambia, "Mama, unanihesabu kama kuku." Alisema taratibu, hakufoka. Baada ya siku hiyo sikuweza tena kumfuata.

Sasa, mwanangu, wewe ni Mkatoliki, jina lako linasema. Simu yenu inalia saa sita na saa kumi na mbili. Hizo ni saa za nani? Kengele ya kigango inapigwa saa hizohizo, tunasimama tunasali Malaika wa Bwana. Jumapili ya Matawi nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa kanisa na tawi mkononi. Kengele ikalia, na simu ikalia kifuani pangu, pamoja. Nikaona Mungu anasema nami. Nikasali, nikamaliza, nikaandika sifuri. Nikaanza novena, sala ya siku tisa. Zilipoisha nikaanza nyingine. Na ile simu ilikuwa ikinijibu, "Hongera Stanislaus, unaweza." Nilikuwa nalia kila mara.

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa naomba. Sikujua kwamba huko kwenu sala yangu inageuka vidonge.

La pili ni baya zaidi. Stanislaus hayupo. Aliondoka Jumapili ya tarehe 5, siku mbili baada ya kutoka kwenu, yeye na binamu yake Jofrey, kuvuna mpunga ng'ambo ya mto. Vidonge amevichukua. Huko hakuna mtandao, na wavunaji wanashinda na gongo. Leo ni siku ya kumi na sita simwoni. Nimeandika sifuri thelathini kwa mtoto ambaye sijui kama anapumua.

Niambie la kufanya. Wewe umesoma.

Emerensiana


Ifakara,
Jumatano, 22 Mei 2024

Mama,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisomea chooni ofisini.

Mfuate. Leo hii, ukipata mtu wa kukuvusha. Mnyang'anye vidonge vyote, umrudishe nyumbani, na asionje hata tone la pombe, hata akilia, hata akikutukana. Mfungie ndani ikibidi. Pombe na dawa hiyo visikutane tena mwilini mwake.

Daktari bado sijamwambia. Wageni wamefika. Saa nne wametangaza ukumbini kwamba kuna mshiriki aliyetimiza siku sitini, wamesoma namba ya mwanao, watu wamesimama wakapiga makofi. Nami nilipiga makofi, mama. Wanaondoka Jumamosi. Jumatatu asubuhi nitamwambia Daktari Beatus yote. Naapa.

Agnella


Wodini, Ifakara,
Jumatatu, 27 Mei 2024

Agnella,

Naandika juu ya goti. Barua hii anakuletea mama mmoja anayetoka hapa. Nimemwambia amkabidhi mlinzi wa geti lenu.

Nilifanya kama ulivyoniambia. Nilimpata Alhamisi kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kufukuzia ndege, amekonda, anaongea haraka kama redio. Jofrey alinisaidia kumvusha. Vidonge nilivitupa mtoni. Nyumbani nikamfungia. Aliomba kikombe kimoja tu cha kutuliza mikono, nikamnyima. Ijumaa akaanza kutetemeka. Jumamosi alikuwa anawafukuza ndege ndani ya nyumba, ndege ambao hawapo, anapiga makofi na kupiga kelele kama yuko shambani. Jumapili akaanguka kwa degedege, tukakodi gari.

Wamepima malaria mara mbili, hakuna. Sasa wanasema labda ni homa ya uti wa mgongo, wanataka kumchoma sindano ya mgongoni. Daktari wa hapa aliniuliza, "Mama, kijana huyu anakunywa pombe?"

Jirani zetu wawili wapo kwenye vitanda vya pembeni, na mke wa katekista alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikavua mfuko shingoni nikampa simu. Akasoma mwenyewe ujumbe wa Jumatano: siku sitini, hongera. Akanirudishia, akaandika kwenye faili.

Nimeiona mikono yake ikiandika. Nimeshindwa kumwambia afute.

Emerensiana


Mngeta,
Jumapili, 9 Juni 2024

Dada Agnella,

Mambo? Mimi ndiye Stanislaus, namba yenu ya makofi. Naandika kwa vipande, usishangae wino umebadilika mara tatu, nimeamka mara saba tangu nianze. Mama amenipa barua zako zote. Hakuzichoma hata moja. Zilikuwa ndani ya kitabu cha sala.

Kwanza ahsante. Mimi sikumbuki kitu, lakini Jofrey alikuwepo, na ananisimulia kila siku kama mpira. Anasema uliingia wodini mbio, miwani imekaa upande, nesi anakwambia saa ya kuona wagonjwa bado, wewe hata humsikii. Ukamshika daktari koti. Ukasema mbele ya wodi nzima, "Huyu anakunywa gongo kila siku, ameachishwa ghafla Alhamisi, na aliyeagiza aachishwe ni mimi." Daktari akaanza kukufokea, kisha akaacha, akaita nesi, wakabadilisha dawa palepale. Baadaye akamweleza Jofrey kwamba mtu aliyezoea kunywa vile hakatwi pombe kama kamba, anashushwa polepole na dawa, la sivyo anaweza kufa. Akasema wangechelewa mpaka usiku wasingekuwa na mgonjwa. Jofrey analipenda sana hilo la mwisho, ameshalisimulia hadi kwa Nyamizi.

Mama ndiye ninayemwonea huruma. Hajaenda kanisani Jumapili mbili. Ananiuliza kama sala inaweza kumuua mtu. Nimemwambia mama, sala haikunifanya kitu, ni gongo. Akasema usitaje hicho kitu. Tukacheka kidogo. Lakini kengele ikilia bado anashika kifua, na mfuko haupo; mradi walikuja kuichukua simu.

Sasa la kwangu. Dada, nimesoma barua yako ya kwanza ile, inayosimulia Ijumaa. Umeandika kompyuta ililia, ukanitazama, nikakutazama. Hukuandika nilichokuwa nafikiria kwa sababu hukukijua. Mimi kioo cha kompyuta yako niliweza kukiona. Kilikuwa kinaonekana kwenye glasi ya kabati nyuma yako. Niliona namba yangu, niliona sifuri, na mikono yangu nimeshika kalamu yako. Nikajua ni mama. Na nikajua umejua.

Nilikuwa nasubiri uniulize.

Nilikuwa nimekunywa bilauri mbili kabla ya kupanda basi, ili nipate nguvu ya kumwambia daktari kwamba siwezi. Nilishapanga kichwani. Ungesema tu, "Stanislaus, hii nini?" ningesema yote. Wewe ukachapa karatasi, ukanipa, ukasema "hongera". Nikaichukua. Nikafikiri, basi, hata hawa hawataki kujua.

Sikuandikii ili uumie. Naandika kwa sababu kichwa changu hakiwezi kuweka kitu muda mrefu, na hiki kimekaa.

Leo ni siku ya kumi na nne, nikianzia siku uliyoingia wodini. Hii ni hesabu yangu mwenyewe. Mikono bado inacheza asubuhi. Wavunaji wamerudi, wananipigia miluzi nje. Sijui kama nitafika kesho. Watu wote hapa wanasema utafika, utafika. Hakuna anayeniuliza.

Stanislaus


Ifakara,
Jumatano, 12 Juni 2024

Stanislaus,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa sakafuni. Ulikuwa unasubiri. Nilidhani kosa langu lilianza kwenye karatasi, au kwenye makofi, au kwenye yale maagizo niliyompa mama yako kana kwamba mimi ni daktari. Kumbe lilikuwa limekamilika kabla sijanyanyua kidole. Nilikuona, nikaogopa kukuuliza, kwa sababu jibu lingekuwa kazi kwangu.

Sina cha kujitetea. Nilimwambia Daktari Beatus siku ileile ya wodini, saa nane mchana. Aliangalia dirishani, kisha akasema angepaswa kukunusa yeye mwenyewe, na kwamba amekuwa akisoma karatasi badala ya watu. Majibu yako yote yameondolewa kwenye ripoti. Sasa wanawapitia vijana wote mmoja mmoja, uso kwa uso, na wameshakuta wengine wanne ambao simu zao zinajibiwa na watu wa nyumbani. Mimi nimesimamishwa mpaka kamati ikae. Nimemwandikia baba yangu Mlimba kwamba meza sina. Hajajibu.

Daktari Beatus anasema kliniki yake bado ni yako, ukiwa na simu au bila simu. Uende Alhamisi ya tarehe 20. Nimeandika tarehe hiyo pia kwenye kipande nilichokiweka ndani ya bahasha; kibandike mahali unapopita ukiamka. Mama yako mwambie arudi kanisani. Mwambie mimi ndiye niliyepokea sala zake, nikazichapa kama hesabu.

Na sasa nakuuliza, mwezi mzima na zaidi baada ya siku niliyopaswa. Umekunywa leo? Usinijibu kwa tarakimu. Niandikie ulikuwa wapi, nani alikupigia mluzi, mikono ilikuwaje, ukafanya nini. Ukiwa umekunywa, niandikie hivyohivyo.

Namna ya kunipata: ofisini usiende, watakwambia sipo. Barua mpe Nyamizi, aiandike jina la shangazi yangu, Marsiana mshona nguo. Makondakta wote wa Mngeta wanamjua. Ukitaka kuja mwenyewe, shuka stendi ya Ifakara, uulize Marsiana mwenye cherehani mbili, nyumba ya bati jekundu nyuma ya mashine ya kukoboa. Siku yoyote, kuanzia jogoo mpaka giza. Huna haja ya kutoa taarifa wala ya kuwa mzima. Ukikuta nimetoka, shangazi atakupa kiti. Usipokiweza kiti, zunguka uwanjani, fungua chochote utakachokikuta, ila cherehani ya kushoto imeharibika. Usiondoke tu. Nitakuwa nimekwenda karibu.

Agnella